Kuzimia Chini ya Chuma Kizito: Majibu kwa Wasomaji

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja: macho kuingia giza, kichwa kuwa chepesi, au mtu kuanguka kabisa akinyanyua uzito mkubwa. Nimeyajibu kwa urefu tofauti, kwa kuwa uzito wake haulingani.

Kocha, nikivuta chuma kutoka sakafuni, naweza vizuri tu. Nikishasimama wima nacho ndipo masikio yanavuma na macho yanaingia giza, na nikikishusha nayumba. Mbona iwe mwishoni, kazi ikiwa imekwisha?

Ni pumzi uliyoibana, ndugu yangu, na hasa namna unavyoiachia. Ukijaza hewa, ukafunga koo na kukaza tumbo, kiwiliwili kinakuwa kigumu na uti wa mgongo unapata egemeo. Kila mnyanyuaji hufanya hivyo, hata asiyefundishwa; mzigo ukipita takriban asilimia 80 ya uwezo wako, pumzi hujibana yenyewe. Kitendo hiki kimepewa jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Italia aliyefariki mwaka 1723, ambaye alikieleza katika kutibu masikio, wala hakuwa na habari ya vyuma.

Mwanzoni presha hupanda kupita kiasi. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walipima presha ndani ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, za wanyanyuaji waliokuwa wakisukuma mzigo kwa miguu miwili. Wastani wa vilele ulikuwa 320 kwa 250, na mmoja wao alipita 480 kwa 350. Mtu aliyetulia huwa karibu na 120 kwa 80. Lakini wakati huohuo kifua kilichojaa mgandamizo kinabana vena kubwa zinazorudisha damu kwenye moyo. Kadiri unavyozidi kubana, moyo unapokea kidogo na kutoa kidogo.

Kisha unaachia, na hapo mambo matatu yanakutana. Mishipa ya kifuani iliyokuwa imebanwa inafunguka na kujaa kwanza. Misuli ya mapaja na mgongo iliyokuwa imekaza inalegea na kupokea damu nyingi. Navyo vihisi vya presha vilivyomo shingoni, ambavyo punde tu vilikuwa vimeona presha kubwa mno, vimekwisha kuuamuru moyo upunguze kasi. Presha inaporomoka kwa sekunde chache, ubongo unapungukiwa damu, na wewe unayumba.

Kwa hiyo usisimame na chuma mikononi ukisubiri kupongezwa. Ukifika juu, anza kutoa hewa kidogo kidogo kupitia meno, shusha chuma kwa utaratibu, halafu tembea. Misuli ya miguu inapotembea husukuma damu irudi juu. Ukisimama kama mlingoti damu inabaki miguuni. Giza likianza kuingia, achia chuma kianguke mbele yako na upige magoti papo hapo. Sakafu itapona.

Mwenzangu huvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kunyanyua, anasema anajaza oksijeni. Nimfuate?

Usimfuate, na umwambie aache. Damu ya mtu mzima mwenye afya tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba. Pumzi za haraka haziongezi kitu cha maana. Zinachofanya ni kufukuza kaboni dayoksaidi, na hiyo ikipungua mishipa ya damu ya ubongo husinyaa. Mtu anaanza kunyanyua ubongo wake ukiwa tayari umepunguziwa damu, kisha anabana pumzi juu yake. Jarida la tiba la Lancet lilichapisha maelezo ya kuzimia kwa wanyanyuaji kwa njia hii mwaka 1973, na bado nawaona vijana wakihema mbele ya chuma kana kwamba wanapuliza moto. Pumzi mbili tatu za kawaida, moja ya kina, basi.

Mimi huzimia nikiwa nimepokea chuma mabegani tu, kabla ya kukisukuma juu. Uzito wenyewe si mkubwa kwangu.

Dada, angalia chuma kinakaa wapi. Kikiteleza na kukandamiza koo, kinaweza kubana ateri za shingo zinazopeleka damu kichwani, na pia kugusa vile vihisi vya presha nilivyovitaja, ambavyo vikikandamizwa huupunguza moyo kasi. Viwiko vinyanyuke vielekee mbele, chuma kilale juu ya misuli ya mabega, na shingo ibaki huru kiasi cha kumeza mate. Kama viganja au mabega hayakunjuki vya kutosha, fanyia kazi hilo kwanza kwa uzito mdogo. Usibaki hapo muda mrefu ukijitayarisha. Ukihitaji hewa, vuta mpya kabla ya kusukuma.

Basi si afadhali niache kabisa kubana pumzi?

Kwa uzito mwepesi na wa wastani, ndiyo: toa hewa unapoinua, ivute unaposhusha. Kwa uzito mkubwa kweli, kiwiliwili kilicholegea ni hatari kwa mgongo, na kuzuia pumzi kwa sekunde chache kuna faida yake. Bana pale pagumu tu, anza kuiachia ukishapapita, na vuta pumzi mpya kila mara badala ya kunyanyua mara tano kwa pumzi moja. Mkanda wa kiunoni usikazwe hadi ushindwe kujaza tumbo, na ulegeze mara umalizapo seti, yaani mfululizo mmoja wa kunyanyua.

Mwenye presha ya juu isiyodhibitiwa, tatizo la mishipa ya macho au ya ubongo, au ugonjwa wa moyo, asifuate maneno yangu hapa. Azungumze na daktari wake kwanza.

Kunusa amonia, ile kemikali ya harufu kali, kunasaidia?

Kunashtua tu. Hakurudishi damu kichwani wala hakuondoi sababu. Ukiona unaihitaji amonia ili usizimie, punguza uzito siku hiyo, kunywa maji, na ujiulize umekula na kulala vipi. Njaa, upungufu wa maji, homa, kuharisha na baadhi ya dawa za presha huishusha presha kabla hata hujagusa chuma.

Mwenzetu alianguka, mikono ikamtetemeka kidogo, akazinduka. Tulimmwagia maji na kumsimamisha. Tulikosea?

Kumsimamisha kulikuwa kosa, maana damu inashuka tena miguuni. Ondoeni chuma, mlazeni chali, inueni miguu yake, na kama ameangukia kichwa au shingo msimsogeze bila sababu. Msimpe kinywaji kabla hajazinduka vizuri. Kutetemeka kwa sekunde chache hutokea katika kuzimia kwa kawaida na si lazima kuwe kifafa. Asipozinduka ndani ya dakika moja, iteni msaada wa dharura. Asipopumua, au akihema kwa kukorota huku haitikii, msisubiri hata hiyo dakika: pigeni simu, anzeni kukandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mtu mwingine akimbilie mashine ya kushtua moyo kama ipo.

Ni lini niende hospitali?

Nenda kama ulizimia katikati ya zoezi, hasa lisilo na kubana pumzi. Kama moyo ulidunda ovyo au kifua kiliuma. Kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Au kama kuzimia kumejirudia japo umerekebisha pumzi. Yapo maradhi ya moyo, kama lile la misuli yake kunenepa, ambayo dalili yake ya kwanza inaweza kuwa kuzimia mazoezini, na kipimo cha umeme wa moyo pamoja na picha ya moyo husaidia kuyaona. Maumivu makali ya kichwa yaliyolipuka ghafla wakati wa kunyanyua, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, ni dharura ya saa hiyohiyo.

Nikishazinduka na kujisikia sawa, naweza kumalizia seti zilizobaki?

Hapana. Kaa chini hadi utulie, kunywa maji, asiwepo wa kukuacha peke yako, na usiendeshe chombo kurudi nyumbani. Ukirudi siku nyingine, anza na uzito mdogo, ndani ya fremu yenye vyuma vya kuzuia, na mtu akiwa karibu nawe.