Kabla hujavuta kamba tena

Kama ndiyo kwanza unaanza kujifunza ufundi wa mashine za boti hapa Tanga, iwe Sahare au diko la Deep Sea, utaona mapema kwamba kazi huja kwa mafungu. Mbalamwezi ikiwa kali, boti za dagaa zinalala na hakuna anayemkumbuka fundi. Giza likirudi, manahodha wanakuja kwa pamoja, kila mmoja na neno lile lile: imegoma. Nyingi ya mashine hizo hazikuharibikia baharini. Zimeharibikia pwani, zimekaa na mafuta ndani ya kabureta mpaka petroli ikaruka, oili ikabaki na kuganda kwenye matundu ya jeti, vile vijibomba vidogo vinavyopitisha mafuta. Ugonjwa huo ni wa kawaida sana kwa hizi Enduro za zamani, mashine za Yamaha zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili. Hata hivyo usianze kwa kufungua kabureta.

Anza kwa kuuliza ilizimaje. Iliyokata ghafla ikiwa kwenye kasi, shuku umeme kwanza. Iliyopungua nguvu, ikakohoa, ndipo ikafa, hiyo ni njaa ya mafuta. Ile ambayo kila wiki inazidi kuwa ngumu kuwaka, huenda pumzi imeisha, yaani ringi na silinda zimelika. Uliza pia kama ilizama. Nahodha hatakwambia, muulize kijana anayemwaga maji kwenye boti.

Kisha angalia yale yanayotia aibu kuyataja: klipu ya kamba ya usalama ipo mahali pake? Gia iko nyutro? Kijiskrubu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi kimelegezwa? Mshale kwenye mpira wa kupampia unaelekea mashine? Wapo waliofungua mashine nzima kumbe kijiskrubu kile hakikuguswa.

Baada ya hapo, pampu mpaka mpira uwe mgumu, weka choki, vuta kamba mara chache, halafu fungua plagi uzitazame. Hapa ndipo njia inapogawanyika, na fundi mzuri hachagui njia kabla hajaona plagi. Plagi ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayachomwi. Ukiona vitone vya maji, achana na vingine vyote na ukamwage tangi.

Tuchukue plagi kavu. Mpira wa kupampia una mengi ya kukwambia ukiubinya kwa makini. Usipokuwa mgumu hata kidogo, kuna mahali panavuta hewa: kwenye kiungio cha mpira, oringi imekatika, au vali za ndani ya mpira wenyewe zimechoka. Ukibonyea na kubaki umebonyea, tangi halipumui, au chujio la chini ya tangi limeziba. Ukiwa mgumu kama jiwe huku plagi zikibaki kavu, mafuta yamekwama mbele: sindano ya kabureta imeganda au jeti imeziba. Hapo sasa ndiyo fungua kabureta. Legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kinachotoka kwenye chupa angavu ya plastiki, uiache itulie. Maji yatakaa chini, petroli juu. Jeti zisafishwe kwa petroli na hewa ya pampu. Usichokonoe kwa waya wa chuma, tundu likipanuka kidogo tu mashine inabadilika tabia.

Ukitaka kujithibitishia kwamba tatizo ni mafuta, tia nusu kijiko cha mafuta yaliyochanganywa na oili kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, vuta. Ikilia kidogo ikafa, umeme upo na pumzi ipo. Usitumie petroli tupu, inaosha oili kwenye silinda.

Kuhusu kuchanganya: angalia kibandiko cha mashine au kitabu chake. Ikiwa ni 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili ya 2T, yaani ya injini za mipigo miwili. Pima kwa chupa yenye alama. Huku pwani watu wanachanganya kwa jicho, halafu wanashangaa plagi kujaa masizi. Petroli ya kwenye madumu ya njiani nayo, ukinusa harufu ya mafuta ya taa, mrudishie mwenyewe.

Sasa plagi iliyolowa. Huenda mashine imekunywa tu, yaani mafuta yameingia kupita kiasi. Chomoa mpira wa mafuta, toa choki, toa klipu ya usalama ili umeme usipige, fungua eksileta yote, vuta kamba mara kadhaa plagi zikiwa nje. Zikaushe, rudisha, jaribu upya. Ikigoma tena, pima cheche: rudisha klipu, chomeka plagi kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na matundu ya silinda na mbali na petroli yoyote, vuta. Unataka cheche ya buluu inayosikika. Ya njano na dhaifu haitoshi. Hakuna kabisa? Kabla ya kumtuma mteja akanunue koili ya cheche, ambayo bei yake itamuuma, tenga waya wa swichi ya kuzimia. Chumvi ikiingia kwenye swichi ile, umeme wote unakwenda kwenye bodi ya injini na mashine inajiona imezimwa muda wote. Cheche ikirudi, badilisha swichi tu. Kumbuka mashine ikiwaka katika hali hiyo swichi haitaizima. Utaizima kwa choki au kwa kuchomoa mpira wa mafuta.

Plagi mpya ziwe za namba iliyoandikwa kwa mashine hiyo. Chukua mfano wa plagi ya NGK, B7HS-10: ile 10 ya mwishoni ni mwanya wa milimita 1, na namba ya joto, hapa 7, ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi.

Kamba ikikunyang'anya mkono kwa kurudi nyuma, simama. Nati ya flaiwili, lile gurudumu la juu linalozungushwa na kamba, ikilegea, kile kifunguo kidogo cha chuma kinachoishika mahali pake hukatika na cheche inapiga wakati usio wake.

Pumzi, yaani mgandamizo wa silinda, ipime kwa geji, eksileta ikiwa wazi. Silinda mbili zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, mwambie mteja ukweli kuhusu ringi, hata kama alikuja kwa ajili ya plagi.

Ijaribu ndani ya pipa la maji, kamwe isiwe kavu, kwa sababu impela ya mpira, ile feni ya pampu ya maji ya kupoza, inaungua upesi. Maji ya kupoza yasipotoka punde, zima. Na mwezi ukianza kung'aa, mwonyeshe nahodha namna ya kuchomoa mpira wa mafuta na kuiacha mashine iungurume mpaka imalize kilichomo kwenye kabureta.