Nilimpeleka mama Chole

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ukipata siku saba za mapumziko na nauli ya kutosha, utakwenda wapi ndani ya Tanzania? Siku saba hizo mimi nilizipata Oktoba iliyopita, na nikizipata tena nitarudi kulekule: Mafia, hasa kisiwa kidogo cha Chole kilicho ubavuni mwake.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma, jirani na soko la Majengo. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Januari nashona sare za shule usiku na mchana, kwa hiyo nafasi yangu ya kupumua ni Oktoba, kipindi ambacho huku kwetu ni vumbi na upepo na kila mtu anatazama mawingu. Safari hii nilimchukua mama. Mama ni mkulima wa uwele na mtama kijijini Bahi, amepita miaka sabini, na alikuwa hajapata kuiona bahari. Maji makubwa aliyoyajua ni ya bwawa la Mtera.

Tulipanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam, tukalala kwa ndugu Mbagala, kesho yake tukashika basi la Nyamisati, kule kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Boti pale inasubiri maji. Tulikaa kivulini na mizigo yetu, mama akaniuliza mara tatu tunasubiri maji gani wakati maji haya hapa mbele yetu. Kijana mmoja wa bandarini akamsikia. "Shikamoo bibi. Haya yamekupwa. Yakijaa tunaondoka."

Chole tulifika mchana, tukivuka kwa mashua kutoka Utende, kijiji cha kisiwa kikubwa cha Mafia, maji yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko. Alfajiri mama akatoka nje kusali, kisha nikasikia mkono begani. "Amka. Bahari imeondoka."

Kweli ilikuwa imeondoka. Mahali tulipopita na mashua palikuwa mchanga na majani ya baharini, na kina mama wa kisiwani wanatembea humo na vijiti vyao, wanachokoa pweza mashimoni. Mama alisimama pale hadi jua likawa kali. Mwenyeji wetu, bibi wa makamo yake, akaja kusimama naye na kumweleza: maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kidogo kuliko jana. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, bahari hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu. Mama, ambaye maisha yake yote amehesabu mvua moja kwa mwaka, alikuwa anasikia habari ya maji yanayorudi yenyewe kila siku bila kuombwa.

Hapo ndipo jibu langu lilipo, Mhariri. Nimewahi kwenda likizo mahali penye muziki na ratiba ya matembezi, nikarudi nimechoka kuliko nilivyoondoka, kwa sababu saa niliyoikimbia kazini niliikuta imenitangulia. Chole hakuna magari. Ukitaka kuvuka, kuoga baharini au kununua samaki, unatazama maji yako wapi. Siku ya tatu sikujua simu yangu nimeiweka wapi, na mgongo uliokuwa ukiniuma tangu Pasaka ulikuwa umenyamaza.

Wala kisiwa hicho hakikuwa kimya tangu zamani. Palikuwa na wafanyabiashara na majumba ya mawe, na Wajerumani waliweka utawala wao hapo mpaka 1913 walipouhamishia Kilindoni, kwenye kisiwa kikubwa. Mji ukabaki nyuma. Leo mizizi imeyakumbatia magofu hayo kiasi kwamba hujui ukuta unashikilia mti au mti unashikilia ukuta. Nilipita hapo kila jioni. Na kila jioni popo wakubwa walao matunda walijinyoosha kwenye miti yao, wakaruka kuelekea Mafia kutafuta chakula, wengi mno, bila kelele kubwa.

Papa potwe tulimwona siku ya tano, upande wa Kilindoni. Huonekana kuanzia mwezi huo wa Oktoba hadi karibu Machi. Ni samaki mkubwa kupita wote duniani, na chakula chake ni vidudu vidogo vya majini. Nahodha wetu alizima mashine na kutuonya tusimguse. Mama alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili na hakusema neno hadi tulipofika nchi kavu.

Mtakaokwenda, chukueni fedha taslimu kabla ya kuvuka, na vaeni kwa heshima mnapopita vijijini, wenyeji wengi ni Waislamu. Ada ya hifadhi ya bahari lipeni bila kinyongo. Hifadhi ile ilianzishwa 1995, ya kwanza nchini, na pweza na kasa wanaihitaji.

Lakini niliyemtaja zaidi ni mama, na naomba nimalizie naye. Tangu siku ya kwanza alitaka kujua watu wa kisiwani wanakunywa nini. Ndilo swali la Mgogo yeyote. Mwenyeji akampeleka kisimani, akamwambia kwamba maji ya mvua huingia ardhini na kukaa juu ya yale ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi, na ukichota kwa pupa chumvi inapanda. Mama akaonja. Yalikuwa na chumvi kwa mbali, kama ya visima vya kwetu. Akaonja tena, akamshika yule bibi mkono, wakakaa pale kisimani wakizungumza hadi adhuhuri.

Wiki mbili baada ya kurudi nilikwenda Bahi kumpelekea sukari. Tulikula mlenda uani, mwezi mpevu umetoka, ardhi imekauka, mvua bado. Mama akauangalia mwezi, akaniambia, "Leo kwao bamvua. Watakuwa wamevuta mashua juu."