Jibu: Mama karudishwa bila kipimo cha PET kwa sababu ya sukari

Habari ndugu, pole sana na mama. Umeuliza kwa nini wamemrudisha bila kipimo cha PET (picha ya mwili inayoonyesha seli zinazokula sukari nyingi) wakati alifunga tangu usiku, na sukari ya damu ikasoma 14 mmol/L. Yalitupata hayo hayo na baba.

Anachodungwa kabla ya picha ni glukosi, yaani sukari, yenye florini-18 inayotoa mionzi. Seli zinazokula sukari kwa pupa, kama za saratani nyingi, huifyonza zikang'aa pichani. Damu ikijaa sukari yake yenyewe, hiyo ya sindano inakosa nafasi na picha inafifia. Vituo vingi huahirisha ikizidi 11.

Angalia kwanza dawa zake. Insulini ikikaribiana na sindano hiyo ya kipimo huisukuma glukosi kwenye misuli. Metformini, kidonge cha kisukari, hufanya utumbo ung'ae. Lini aziache, hilo mimi siwezi kukupangia, mpigie daktari wake leo. Halafu kwa muda wa saa 6 kabla ya sindano ya kipimo ni maji matupu. Baba alipewa nusu kikombe cha chai ya sukari njiani, siku yote ikaharibika, maana florini hiyo hupungua nusu kila dakika 110, haiwekwi mpaka kesho.

Mvalishe sweta pia. Akisikia baridi, mafuta ya kahawia ya shingoni, yanayochoma sukari kuleta joto, nayo hung'aa pichani.