Likizo umeitaja mara tatu, mwanafunzi hujamtaja

"Shangazi, nina miaka 34, ni mhasibu wa kampuni moja Posta. Nimechoka ofisi, moyo wangu uko kwenye ualimu. Walimu wana likizo ndefu na wanatoka mapema. Nataka niache kazi mwezi ujao nikasome. Mke wangu hataki kusikia, anapenda hela kuliko mimi. Nifanyeje?" Baba Wawili, Tabata. (Barua nimeifupisha.)

Pole kwa uchovu, mwanangu. Foleni ya Buguruni kila asubuhi si mchezo.

Sasa tuje kwa huyo "mpenda hela". Barua yako nimeisoma yote. Likizo umeitaja mara tatu, mwanafunzi hujamtaja hata kwa bahati mbaya, na hujasema utafundisha somo gani. Wewe unamkimbia bosi, halafu unatuambia ni wito.

Tupige hesabu, si mhasibu wewe? Mikondo minne ya wanafunzi sitini sitini ni madaftari 240. Dakika mbili kila daftari, ni saa nane kusahihisha zoezi moja tu. Hapo andalio la somo hujaliandika, na azimio la kazi, yaani mpango wako wa kufundisha wa muhula, mwalimu wa taaluma anakudai. Wiki ya zamu unatakiwa uwe getini kabla ya wanafunzi. Likizo ya Juni, kidato cha nne wakiwekwa kambi, nawe umo.

Digrii ya uhasibu peke yake haikufanyi mwalimu. Unahitaji stashahada ya uzamili ya ualimu. Chuo Kikuu Huria wanaitoa, na watu wanaisoma wakiwa kazini, sasa hiyo "niache kazi mwezi ujao" imetoka wapi? Likizo yako ya mwaka itunze kwa ajili ya BTP, yale mazoezi ya kufundisha. Wengi hukwama hapo: somo wanalijua, ila wanaongea na ubao. Ukimaliza, serikalini unaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, unakaa kwenye usaili, na ukipita unaweza kupangiwa Katavi. Watoto wako Tabata, baba yuko Mpanda!

Mkeo ameyaona haya. Ndoa za siku hizi mume anakuja na uamuzi uliokwisha kuiva, mke akiuliza ada italipwa na nani anaitwa mpenda hela. Kumbe yeye ndiye anayejua bei ya unga. Niko upande wake, na nasema wazi.

Ualimu una watu wake. Kuna mtoto wa kidato cha pili ataandika fedha zilizoingia upande wa krediti badala ya debiti, kwa sababu benki ndivyo inavyomwandikia baba yake. Mwalimu wa kweli haishii kuchora mkasi mwekundu. Anataka kujua mtoto kawaza nini, kisha anamwonyesha kwamba kile ni kitabu cha benki, si cha baba. Akieleza mara ya nne, anaeleza kwa njia ya nne, na hachukii.

Jipime bila kuacha kazi. Tafuta kituo cha tuisheni hapo hapo Tabata, omba kipindi cha utunzaji wa vitabu vya hesabu, Jumamosi nane mfululizo. Madaftari yarudishe nyumbani, usahihishe mezani mkeo akiona. Jumamosi ya nane ukiamka bila kusukumwa, kaeni pamoja, mshahara wa mwalimu anayeanza uuandike kwenye karatasi, na chini yake matumizi yenu ya mwezi. Ataanza na ada ya Januari. Uwe na jibu.