Stoo ya uani imeoza, bajeti ndogo

Pole, dada. Unauliza uitengeneze vipi stoo yako kwa pesa kidogo. Umesema nguzo zimeliwa na mchwa, ila mabati bado mazima: usiyatupe, yang'oe taratibu uyatumie tena. Pesa yako itumie zaidi kwenye msingi na nguzo. Mimi nilichimbia mirunda moja kwa moja ardhini, mchwa wakaimaliza kwa miaka 3. Niliporudia niliisimamisha juu ya zege, nikaipaka dawa ya mchwa, na bado imara. Kupaka nguzo oili chafu ya injini ni rahisi, lakini udongo wa bustani ya mboga utauharibu.

Kinachonitia hofu ni zile shiti za kijivu za zamani upande wa nyuma. Huenda ni asbesto, yaani madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kwenye shiti za ujenzi za zamani. Usizikate wala kuzivunja, vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Tafadhali mwite mtaalamu kwanza.