Hita Ikiangusha Breka, Usikimbilie Themostati

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Singida, fundi umeme kama mimi, yuko mwaka wa pili tangu atoke chuoni. Ameandika: "Shikamoo kaka. Nina hita ya maji ya lita 50 ya mteja, inaangusha breka. Nimeshabadilisha themostati mara mbili na bado. Mteja ameanza kununa. Nifanyeje?" Themostati ni kile kidude kinachokata umeme maji yakifika joto lililotegwa.

Nilipomaliza kuusoma niliweka simu mezani nikakaa kimya. Maneno yale ningeweza kuyaandika mimi mwenyewe mwaka 2019, hadi ile "mara mbili". Tofauti ni kwamba mimi sikumwuliza mtu. Niliona aibu kuuliza, na aibu ile ilinigharimu nyumba moja ya mteja ambayo mpaka leo nikipita mtaa ule naangalia upande wa pili.

Ngoja nieleze. Mimi nafanyia kazi hapa Dodoma. Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia huku, nyumba zimeota kila kona, Kisasa, Ilazo, Iyumbu, na kila nyumba mpya inataka maji ya moto bafuni. Watu wa Dar es Salaam hudhani Dodoma ni joto tu. Waje mwezi wa sita alfajiri wakoge maji ya bombani ndipo tuzungumze. Kwa hiyo kazi ya hita ipo, na wewe unayesoma hapa najua unachotaka: uwe fundi anayeitwa kwa jina, mteja akupe funguo aende zake kazini, uinue nyumba yako kwa jasho la mikono yako. Nilitaka hayo hayo, tena kwa haraka.

Mteja wangu alikuwa mama mmoja muuguzi mstaafu. Hita yake ilikuwa imefungwa miaka minne nyuma na haijawahi kufunguliwa. Alilalamika mambo mawili: maji yanachelewa kupata moto, na siku nyingine ikiwashwa nusu saa breka kubwa ya ethi, ile inayoshtuka umeme ukivuja, inaanguka, nyumba nzima giza. Nilifika na tesita ya bisibisi mfukoni na begi la spana. Nikafungua kifuniko, nikaona waya ziko sawa, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua: "Mama, hii ni themostati." Akatoa hela. Nikabadilisha. Hita ikawaka, tukaagana vizuri.

Baada ya wiki mbili akapiga simu. Nikarudi, nikasema ile themostati ilikuwa feki, nikanunua nyingine ya duka jingine. Akatoa hela tena, safari hii bila maneno mengi. Siku tisa baadaye akapiga simu, sauti imebadilika: "Njoo uone."

Nilikuta fundi mwingine, mzee wa makamo, amechuchumaa barazani. Ameshateremsha maji yote, amefungua flanji ya chini, kile kifuniko cha chuma kinachoshika elementi, na pembeni yake kuna ndoo ya lita kumi iliyofika nusu, imejaa vipande vyeupe kama ukoko wa wali uliokauka. Juu ya gazeti ameweka elementi yenyewe, kile chuma kinachopasha maji. Haikuonekana kama elementi. Ilikuwa gogo jeupe, nene kama muhindi, na pale alipobandua gamba kwa kidole, bomba la shaba ndani yake lilikuwa limepasuka ufa wa urefu wa ukucha. Mzee hakunikaripia hata kidogo. Aliniuliza neno moja tu: "Ulipima?"

Sikuwa na cha kupimia. Nilikuwa na tesita. Yule mama akasema, taratibu kabisa, "Mwanangu, kumbe ulikuwa unajifunzia kwa hela yangu." Hakunidai zile hela. Ningependa angenidai. Hakuniita tena, wala mimi sijapata ujasiri wa kurudi kumsalimia.

Wiki ile ile nikanunua multimita.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinatokea mle ndani, maana ukikielewa hiki hutahitaji kukariri. Maji yetu mengi hapa mjini hutoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na yana chumvi za ardhini. Wenyeji tunaijua: birika la chai likikaa mwezi linafanya utando mweupe. Chumvi hiyo imeyeyuka kwenye maji ya baridi, lakini maji yakipata moto inaganda, na inagandia pale penye moto zaidi, yaani kwenye elementi. Ukoko ukikua unazuia joto lisitoke kuingia kwenye maji. Elementi inajipika yenyewe, na utaisikia hita inakoroma na kupasukapasuka kama sufuria kavu. Mwishowe bomba linachanika, maji yanaingia mpaka kwenye unga mweupe uliozunguka waya wa ndani, na umeme unapata njia ya kukimbilia mwilini mwa tangi na kwenye ethi. Breka inaanguka. Inaanguka kwa sababu imekuokoa. Kubadilisha themostati hapo ni kama kumpa dawa ya kichwa mtu aliyevunjika mguu.

Kwa hiyo kijana wangu wa Singida, na wengine wote: pima. Lakini kabla ya kupima, zima breka ya hita kwenye boksi la breka, si swichi ya bafuni. Nimekuta nyumba ambazo aliyevuta waya aliweka swichi kwenye nyutro, ukizima, taa ya swichi inazimika lakini laivu bado iko pale inakungoja. Zima, kisha thibitisha kwa multimita laivu na nyutro, halafu laivu na ethi. Zote zisome sifuri. Mkono wako hauna spea.

Ukishatoa waya kwenye elementi, pima nguzo zake mbili kwa omu. Hesabu ni rahisi: volti zidisha kwa volti, gawa kwa wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kwa volti 230, elementi ya wati 1500 inakupa kama omu 35, ya wati 2000 kama 26, ya wati 3000 kati ya 17 na 18. Mita isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika na maji hayatapata moto kabisa. Ikisoma vizuri usishangilie bado. Elementi ya yule mama ingesoma vizuri. Weka ncha moja kwenye nguzo na nyingine kwenye chuma cha flanji, mita ikiwa kwenye kiwango kikubwa. Hapo hutakiwi kuona namba. Ukiona kilo-omu chache, umempata mwizi wako. Na ukiweza kuazima kile kipimo cha insulesheni kinachosukuma volti 500, azima, kwa sababu betri ndogo ya multimita wakati mwingine haiuoni ufa ambao umeme wa nyumbani unauona.

Themostati nayo hupimwa, haihukumiwi kwa macho. Ikiwa baridi lazima ipitishe. Nyingi zina kidude kidogo cha kubonyeza, kile kinachojikata joto likizidi. Kibonyeze mara moja. Kikiruka tena, kuna kitu kinakirusha, na mara nyingi hapa kwetu ni ule ukoko.

Angalia pia vituo vya waya. Hita ya wati 3000 inavuta amperi 13, na skrubu iliyolegea inageuza plastiki kuwa kahawia, kisha nyeusi. Hilo halihitaji maelezo marefu, kaza na badilisha kilichoungua.

Jambo linaloniumiza zaidi kwenye kazi hii ni ile valvu ya usalama. Jamani. Ile valvu ndogo kwenye bomba la maji baridi, yenye kishikio, hudondosha maji hita inapopasha. Mteja anakuja juu: "Inavuja!" Na fundi asiyejiheshimu anaiziba kwa plagi, au anaitoa kabisa anaunganisha bomba moja kwa moja, anachukua hela yake anaondoka. Nimezikuta zilizozibwa, zaidi ya mara moja, na kila mara mikono inanitetemeka. Maji yakipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 yanatanuka. Kwenye tangi la lita 50 ni karibu robo tatu ya lita, na nyuma kuna valvu isiyorudisha, kwa hiyo maji hayo yanatokea pale. Yanadondoka kwa sababu yanatakiwa kudondoka. Ukiziba, halafu siku moja themostati ikagandana na kukataa kukata, umewawekea watu bomu juu ya bafu ambalo watoto wao wanaogea. Kama kudondosha kunaudhi, funga mpira mwembamba upeleke maji kwenye mfereji. Na kama inatiririka hata hita ikiwa baridi, ama chumvi imeinyima kufunga, ama presha ya maji yanayoingia ni kubwa mno. Isafishe, ibadilishe, weka kipunguza presha. Usiizibe.

Huyu kijana aliniuliza swali la pili, hita ihudumiwe kila baada ya muda gani. Kwa maji ya Dodoma mimi hufungua kila mwaka. Natoa elementi, nakomba ukoko, nakagua fimbo ya anodi. Fimbo hiyo ya magnesiamu iko pale ili iliwe na kutu badala ya tangi. Ikibaki waya mtupu wa katikati, tangi ndilo linalofuata kuliwa, na tangi likitoboka halina fundi, unanunua hita mpya. Elementi ambayo ni nzima lakini ina gamba, iloweke kwenye siki usiku kucha. Usiikwangue kwa kisu, bomba lake ni jembamba. Mpira wa flanji wa zamani usiurudishe hata ukionekana mzima. Joto nalitega kwenye nyuzi 60: chini sana vijidudu huzaliana kwenye tangi, juu sana ukoko unakua mbio na ngozi inaungua.

Mteja wako umwambie pia ukweli wa LUKU. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunakula yuniti 2 na kidogo. Kila siku kwa mwezi mzima ni kama yuniti 70, na mtu aliyekuwa kwenye kundi la bei nafuu, la wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, atajikuta ametoka. Ukinyamaza, atakuja kudhani umemharibia mita.

Nitasema na hili, anayetaka akasirike. Vijana tunapenda kuonekana tunajua. Mteja akiuliza "tatizo nini?" ulimi unawahi kabla ya mita. Jifunze kujibu, "Bado sijajua mama, nipe dakika kumi nipime." Siku ya kwanza nilipoitamka sentensi hiyo nilihisi nimejishusha. Mteja aliniletea kiti. Mwezi uliopita nimehudumia hita 14 za nyumba moja ya wageni, siku tatu, peke yangu. Tatu zilikuwa na elementi za kubadilisha, moja tangi limekwisha, zilizobaki zilitaka usafi, mipira mipya na fimbo nne za anodi. Kila hita nimeiandikia namba zake kwenye daftari nikamkabidhi mwenye nyumba. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza maswali, kisha akanipa ufunguo wa chumba cha boksi la umeme nikae nao. Nauandika huu nikiwa nao mezani. Sioni haya kusema nimejivunia.

Na yule mzee wa barazani, nilimtafuta baadaye. Nilimfuata kazini Jumamosi kadhaa, nambebea ngazi, naangalia anavyofanya. Yeye ndiye aliyenifundisha kukaza bolti za flanji kwa kupishana, kidogo kidogo, kama unavyokaza gurudumu la gari. Wala hakuwahi kunikumbusha ile siku.

Leo asubuhi kijana wa Singida ameniletea namba. Hita ya wati 2000. Nguzo kwa nguzo omu 27. Nguzo kwa chuma, kilo-omu 3. Nikamwambia gawa volti 230 kwa omu 3000. Akarudisha jibu: kama miliamperi 77, na breka yake ya ethi imeandikwa 30, yaani ikivuja miliamperi 30 inaanguka. Nikanyamaza nimwache aione mwenyewe. Dakika mbili zikapita, akaandika, "Kaka, themostati zote mbili zilikuwa nzima."

Ameteremsha maji, ametoa elementi, amenitumia picha: nyeupe tupu, ufa uko karibu na kona. Amefunga mpya na mpira mpya. Nikamsisitiza afungulie maji kwanza, aache bomba la moto wazi mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo apandishe breka, maana elementi mpya ikiwashwa kwenye tangi tupu inaungua hapo hapo. Saa nane mchana ameandika breka imekaa saa nzima na maji ni ya moto. Themostati moja amemrudishia mteja hela yake.