Mpango wa Dharura wa Chuo Kikuu: Anzia kwa Mlinzi wa Zamu ya Usiku

Ukikabidhiwa kazi ya kuandaa mpango wa dharura wa chuo kikuu, kitu cha kwanza utakacholetewa ni faili la mpango uliopita. Litakuwa nene, lenye sura ya moto, sura ya mafuriko, sura ya maandamano, sura ya mlipuko wa ugonjwa, na dibaji iliyosainiwa na mkuu wa chuo. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na ushauri wangu ni huu: liweke kando kwa muda. Chukua karatasi tupu, zunguka chuoni, uliza swali moja tu. Likizuka jambo saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, na mkuu wa chuo yuko ndani ya ndege, nani ana mamlaka ya kufunga jengo, kukata umeme na kuwatumia wanafunzi wote ujumbe?

Mlinzi atakuambia anampigia mkuu wa ulinzi. Mkuu wa ulinzi anampigia mlezi wa wanafunzi, mlezi anampigia naibu mkuu wa chuo, na naibu anasubiri kuitisha kikao. Usiwalaumu, maana ndivyo walivyolelewa kazini. Chuo kikuu huamua mambo kwa vikao, kuanzia idara hadi kitivo, seneti hadi baraza. Kwa kupitisha mtaala, hakuna utaratibu ulio bora zaidi. Kwa moto au mtu mwenye bunduki, utaratibu huo unaua.

Aprili 16, 2007, katika chuo kikuu cha Virginia Tech huko Marekani, wanafunzi wawili walipigwa risasi bwenini mnamo saa moja na robo asubuhi. Viongozi walikutana kujadili hali. Barua pepe ya kwanza kwa jumuiya nzima ilitoka saa tatu na dakika 26, zaidi ya saa mbili baadaye. Dakika chache tu baada ya hapo, muuaji yuleyule alianza kufyatua risasi katika jengo la madarasa. Kwa jumla aliua watu 32 siku ile. Mwaka 2008 sheria ya nchi hiyo ilirekebishwa, vyuo vikatakiwa kutoa tahadhari mara tu inapothibitika kuwa kuna hatari kubwa. Nawasimulia viongozi habari hii kila ninapoweza, kwa sababu waliokuwa kwenye kikao kile walikuwa watu makini waliokuwa wakijaribu kupata picha kamili kabla ya kusema. Picha kamili haiji mapema hivyo.

Kwa hiyo, kwa kila uamuzi mzito andika vyeo vitatu kwa mpangilio: wa kwanza asipopatikana ndani ya dakika tano, wa pili anaamua, na akikosekana naye, wa tatu. Wa tatu awe mtu aliyepo chuoni usiku ule, hata kama ni kiongozi wa zamu ya ulinzi. Mkuu wa chuo amwambie mbele ya wenzake, kwa kinywa chake, kwamba hataadhibiwa kwa kupiga king'ora kwa nia njema. Bila tamko hilo, karatasi haitamsaidia. Ujumbe nao uandikwe leo, nafasi ya mahali na saa ikiachwa wazi: kimetokea nini, wapi, wewe ufanye nini sasa. Ujumbe huo ukihitaji kusahihishwa, utasahihishwa baadaye.

Ukishamaliza la mamlaka, usianze kuorodhesha majanga. Orodha ya majanga haina mwisho, na litakalokuja huenda halimo. Orodhesha unachoweza kupoteza: jengo, watu, mifumo ya kompyuta, au huduma inayotoka nje kama umeme na maji. Jengo la maabara likifungwa wiki tatu kwa moto, kwa nyufa za tetemeko au kwa harufu ya kemikali, kazi yako ni ileile: masomo yahamie wapi, nani anaruhusiwa kuingia, vifaa gani vitolewe kwanza. Mwaka 2020 ugonjwa wa COVID-19 ulifunga majengo ambayo hayakuwa na ufa wala moshi.

Hapa ndipo ninapowaomba watu wakae kwa muda mrefu, kwa sababu kila kitu chuoni kina saa yake ya kufa, na saa hizo hazilingani. Friza ya nyuzi joto hasi 80 yenye sampuli za miaka ya utafiti huanza kupanda joto mara umeme unapokatika, na huenda usiwe na siku nzima ya kuiokoa. Matangi ya nitrojeni ya kimiminika, yanayotunza sampuli kwa baridi kali, hustahimili zaidi, lakini hutaka kujazwa. Wanyama wa maabara wanahitaji hewa, maji na mtu wa kuwalisha, sikukuu au si sikukuu. Vitabu vilivyolowa huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili hivi, ndiyo maana waokoaji hugandisha vile wasivyoweza kukausha upesi. Mishahara inaweza kungoja siku kadhaa, lakini si mwezi. Seneti inaweza kungoja muhula mzima.

Saa hizo hutazijua ukiwa ofisini. Wanaozijua ni fundi sanifu wa maabara, mkutubi, mpishi wa bwalo, fundi umeme. Fundi umeme ndiye atakayekuambia pampu ya mafuta ya jenereta iko wapi, na swali hilo lina uzito kuliko kurasa nyingi za sera. Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipopiga New York, hospitali ya NYU Langone, ambayo ni sehemu ya chuo kikuu, ilipoteza umeme wa akiba baada ya maji kujaa sehemu za chini za majengo. Wagonjwa zaidi ya 300 ilibidi wahamishwe, wengi wakibebwa kwenye ngazi gizani, na maelfu ya panya wa utafiti walikufa. Vifaa muhimu vya umeme wa akiba vilikuwa mahali ambapo maji hufika kwanza.

Mafanikio pia yafundishwe. Aprili 18, 2021, moto wa mlimani uliteketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Hasara ilikuwa kubwa mno, lakini milango ya kuzuia moto ilishuka kama ilivyotakiwa, na mikusanyo mingi ya ghala la chini ikanusurika, ingawa mingine ililowa. Mtu fulani, miaka kabla ya hapo, alisimamia ile milango ipimwe na itunzwe. Kazi ya namna hiyo haipigiwi makofi, nami naomba bajeti yake isiguswe kamwe.

Kuhusu data nitasema kwa ufupi. Weka nakala rudufu moja isiyounganishwa na mtandao wa chuo kabisa. Desemba 2019 wahalifu wa mtandaoni walikifungia Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, mifumo yake, zikiwemo baadhi ya seva za nakala rudufu, na chuo kikalipa sarafu 30 za kidijitali za bitcoin ili kufunguliwa. Nakala pia zijaribiwe kwa kuzirejesha: Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za utafiti kwa hitilafu iliyokuwa ndani ya programu ileile ya kuhifadhia nakala. Na orodha ya simu za viongozi ichapishwe kwenye karatasi. Siku mtandao ukizimwa, orodha iliyo kwenye seva haipo.

Jaribu pia kufikiria chuo kisichoweza kurudi nyumbani kwake. Baada ya kimbunga Katrina, Agosti 2005, Chuo Kikuu cha Tulane, mjini New Orleans, Marekani, kilifunga muhula mzima, uongozi ukafanya kazi ukiwa Houston, wanafunzi wakapokelewa na vyuo vingine, na masomo yakaanza tena Januari 2006. Mwanafunzi anayepokelewa kwingine anahitaji matokeo yake. Muulize msajili kama anaweza kuyatoa akiwa mji mwingine, bila ufunguo wa ofisi yake.

Halafu kuna mazoezi. Nairobi, Novemba 2015, miezi michache baada ya shambulio la kigaidi katika chuo kikuu cha Garissa lililoua watu 148, zoezi la ulinzi katika Chuo Kikuu cha Strathmore liliwafanya watu waamini wanashambuliwa kweli. Wapo walioruka kutoka ghorofani, na mfanyakazi mmoja alifariki. Usimtishe mtu ili kumfundisha. Zoezi litangazwe siku kadhaa mbele, likumbushwe asubuhi ile, na asiyetaka kushiriki aachwe. Anza na zoezi la mezani: mlinzi, muuguzi, fundi umeme, mhasibu na mwakilishi wa wanafunzi, wakipewa tukio la kubuni na kuulizwa kila baada ya dakika kumi wanafanya nini. Walipokwama paandikwe, pamoja na jina la atakayepashughulikia na tarehe.

Na kwenye meza hiyo asikosekane mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu, na mwingine asiyesikia. King'ora hakimfikii asiyesikia. Lifti huzimwa moto unapowaka, na anayeishi ghorofa ya nne anahitaji kujua nani anakuja kumchukua, kwa kifaa gani, na asubiri wapi. Waulize wenyewe, kisha kila muhula hakiki kwamba aliyepewa jukumu la kuwafuata bado anafanya kazi hapo.